Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mzee Anastazi wa Keza hakuvumilia kitu kilichofanywa nusu. Kahawa yake ilianikwa juu ya chanja hata miaka ile majirani walipoimwaga chini kwenye vumbi. Jembe lake halikulala na udongo. Kusoma alijifunza akiwa tayari baba wa watoto, katika darasa la jioni la elimu ya watu wazima, kwenye dawati lililombana magoti. Tangu siku alipoweza kusoma jina lake mwenyewe, hakuna karatasi iliyopita mbele ya macho yake bila kusomwa, hata ile iliyofungiwa chumvi. "Mtu aliyeacha kujifunza," alipenda kusema, "huyo anasubiri kuzikwa tu."

Basi ilipofika zamu ya visu, navyo alivisomea.

Ilianza na redio. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu mtu hulazimika kukikandamiza, nacho huteleza. Anastazi aliuacha uji wake upoe. Kisha akampigia simu mwanawe Pancras, aliyeko Mwanza, amtumie video za watu wanaojua kunoa. Zilikuja, naye alizitazama zote, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akizirudia pale asipoelewa. Alipomaliza alimwita mkewe.

"Mama Pancras, unajua kwamba katika nyumba hii tunanoa visu kama watu wa zamani?"

Ildefonsa alikuwa kwenye kizingiti cha jiko la nje, akichambua maharage. "Mimi ni mtu wa zamani," alisema. "Na wewe ulinitangulia kuzaliwa."

"Sikiliza kwanza. Kuna gurudumu la baiskeli, kama la yule Wiston wa gulioni Nyakahura. Lile linatoa cheche, na cheche ni chuma kinachoungua. Kisu kinapata makali ya siku moja, halafu kinalegea. Kuna tupa. Tupa ni ya haraka, lakini inakwangua sana. Na kuna jiwe laini, unalilowesha maji, unakwenda polepole. Hilo ndilo la watu wenye akili."

"Na hili langu?" Ildefonsa alipigapiga kwa kiganja jiwe la kizingiti alilokalia. Pembe yake moja ilikuwa imelika na kuingia ndani kama shavu la bibi asiye na meno, kwa miaka ya kunolea visu.

"Hilo ni la kukalia," Anastazi alisema.

Ildefonsa alicheka, akaendelea na maharage yake. Alikuwa mwanamke asiyebishana na mumewe kuhusu mambo ya redio.

Juma lililofuata Anastazi alikwenda Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kumsalimu binti yao Avelina aliyeolewa huko. Akarudi na jiwe laini la kunolea pamoja na tupa mpya. Alichonga kibao cha kulishikilia jiwe lisicheze, akapigilia kipande cha mti pembeni, kisu kikiegemea pale kilale kwa mwinamo uleule kila wakati. Ilikuwa kazi nzuri, hata yeye mwenyewe aliisifu. Akangoja mkewe aende kwenye sala za jumuiya, kisha akavipanga visu vyote vya nyumba juu ya gunia.

Alianza na kisu cha kuchinjia. Akafuata kile cha mboga, na kingine kilichokatika ncha. Vyote vilimtii. Alipofika mwisho alikishika kisu cha Ildefonsa cha kumenyea ndizi.

Kilikuwa kisu kifupi, mpini wake umevikwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ildefonsa alikuja nacho kutoka kwao Nyabusozi siku alipoolewa. Mama yake ndiye aliyempa. Anastazi alikuwa amekiona kila siku ya maisha yao, lakini hakuwahi kukitazama. Sasa alikitazama. Akakigeuza huku, akakigeuza kule, akatikisa kichwa. Upande mmoja ulikuwa umenolewa kwa mteremko mrefu, mzuri, hadi kwenye makali. Upande wa pili ulikuwa bapa kabisa, kama haujawahi kuguswa na jiwe.

"Loo, mwanamke huyu!" alisema peke yake, akicheka. "Miaka yote hii ananoa upande mmoja."

Katika video zote kisu kilinolewa pande mbili, sawasawa, makali yakikaa katikati. Anastazi alichukua tupa. Upande ule bapa ulikuwa mgumu, naye aliukwangua kwa subira mpaka unga wa chuma ukajaa juu ya gunia, kisha akaumalizia kwa jiwe. Alipokiinua kwenye mwanga, pande zote mbili zilifanana kama viganja vilivyokutanishwa kusali. Alijaribu makali kwenye unywele wa mkono. Unywele ulianguka.

Ildefonsa aliporudi, alikigusa kisu kwa kidole gumba, akashtuka. "Mh! Hiki sasa kitaninyoa. Umekinoa hasa, Baba Pancras."

Sifa ile ilimwingia Anastazi kama asali. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwaeleza wanajumuiya habari za mwinamo, za maji, na za watu wanaonoa upande mmoja kwa mazoea tu. Wanawake kadhaa walisema watamletea visu vyao.

*

Siku chache baadaye palikuwa na harusi kwa jirani yao Rozalia, ambaye alikuwa akimwoza binti yake. Huku Keza ndizi za harusi hazimenywi na watu wawili watatu. Asubuhi na mapema wanawake wa kijiji hufika, kila mmoja na kisu chake amekifunga kwenye pindo la kanga. Hukaa duara kuzunguka lundo la mikungu, na hapo hapana mgeni wala mwenyeji. Kuna wanaomenya haraka na wanaomenya polepole. Kisu cha mtu hakiazimwi. Na kwa miaka mingi aliyeketi penye lundo lenyewe, akizigawa ndizi na kutangulia kuimba, alikuwa Ildefonsa. Ganda lilitoka mkononi mwake jembamba, refu, bila kubeba nyama, na wasichana walioolewa karibuni waliketi karibu naye ili waone.

Anastazi alikuwa hapo jirani, akisaidiana na wanaume kufunga maturubai. Alisikia wimbo ukianza. Kisha akausikia ukipungua, na sauti ya mkewe haimo tena.

"Mama Pancras," ilisema sauti ya Generoza, mwanamke ambaye ulimi wake haukuhitaji jiwe, "leo unamenya au unachonga mwiko?"

Kicheko kilizuka. Anastazi aligeuka. Mbele ya mkewe maganda yalikuwa mazito, yamebeba nyama nyeupe, na ndizi zenyewe zilikuwa nyembamba zenye kona, kama zimeng'atwa. Ildefonsa alikuwa akikiangalia kisu, halafu mkono wake, halafu kisu.

"Kinazama," alisema kwa sauti ndogo. "Nakipeleka juu, kinakwenda chini."

"Ni uzee, shangazi," alisema msichana mmoja. "Tupe sisi lundo, wewe utuimbie."

Ilikuwa mzaha, tena mzaha mwema. Lakini Ildefonsa alijaribu ndizi nyingine, kisu kikapiga mbizi kwenye nyama, kikatokea upande wa pili na kumchana kidole gumba. Alikifunga kidole kwa jani, akasogea nyuma ya duara. Asubuhi ile yote hakuimba tena.

Nyumbani aliosha vyombo kwanza. Kisha alikaa kwenye kizingiti, mkono wa kushoto juu ya paja, ameufunua kama kitu cha mtu mwingine.

"Umeanza," alisema.

"Nini kimeanza?"

"Kama dada yangu Francisca. Yeye naye alianza hivi hivi. Kisu kilikuwa hakimsikii. Kabla mavuno hayajaisha, upande mzima ulikuwa umekufa."

Anastazi aliguna. "Labda ni kisu."

Alilisema neno hilo bila kulifikiria, kama mtu anavyosema labda mvua itanyesha. Ildefonsa alitikisa kichwa.

"Kisu hakina kosa. Umekinoa vizuri kuliko kilivyowahi kunolewa. Ni mkono. Mama yako alisema."

Anastazi alijua mama yake alisema nini. Ildefonsa alizaliwa mwenye kutumia kushoto. Walimfunga mkono ule kwa kamba ya mgomba alipokuwa mtoto, wakamfundisha kula, kusalimu na kupokea kwa kulia, naye akajifunza yote. Kumenya tu ndiko kulikomshinda, mpaka mama yake akaacha kumpiga, akamtafutia kisu. Alipoolewa Keza, mama mkwe alimwona akimenya, akasema mbele ya watu kwamba mkono wa kushoto unaolisha nyumba mwisho wake hukauka. Ildefonsa aliinama akaendelea kumenya. Anastazi, kijana wakati ule, alikuwepo. Alikuwa ametazama nje.

Neno kushoto ndilo lililobaki kichwani mwake jioni ile, likimsumbua kama punje kwenye jino. Asubuhi alikwenda kwa Generoza na kusingizia kwamba anataka kuona visu atakavyoletewa kunoa.

"Shikamoo, mzee," Generoza alisema, akamletea kisu chake. "Usinikwanguie chote lakini. Nibakizie cha kushikia."

Anastazi alikigeuza. Upande mmoja una mteremko, upande wa pili bapa. Aliomba na cha mkwe wa Generoza. Hivyo hivyo.

"Mbona mnanoa upande mmoja?" aliuliza.

"Kwani ungenoaje? Mteremko unalala kwenye nyama, unakiinua kisu kifuate ganda. Ukinoa kote, kitakwenda kula ndizi chenyewe." Generoza alicheka. "Wewe si ndiye mtaalamu?"

Alikuwa ameshika kisu mkono wa kulia, na mteremko ulikuwa upande unaomfaa mkono wa kulia. Anastazi alifumba macho akakiona kisu cha mkewe kama kilivyokuwa juu ya gunia. Mteremko wake ulikuwa upande mwingine. Hakikuwa kisu cha mtu mvivu wa kunoa. Kilikuwa kisu cha kushoto, kilichotengenezwa na mama aliyechoka kumpiga mwanawe, kikalindwa kwenye jiwe la kizingiti mwaka hadi mwaka na mwenyewe aliyekijua. Katika dunia nzima kilikuwa ndicho kitu pekee kilichomkubali Ildefonsa kama alivyoumbwa. Naye alikuwa amekikwangua kwa tupa huku akicheka.

Njiani kurudi alipanga maneno. Yalikuwa machache na mepesi: Mama Pancras, mkono wako ni mzima, nimekosea mimi. Alipofika alimkuta Ildefonsa ameketi na wanawake wa jumuiya waliokuja kumpa pole. Mmoja wao akasema, "Lakini una bahati, una mume anayejali hata visu vyako." Maneno yale yaliyopangwa yakarudi tumboni. Atamwambia kesho, alijisemea, wakiwa peke yao.

Kesho walikuwa peke yao, na hakumwambia.

*

Kosa likikaa, hunenepa. Siku ya kwanza lingekuwa kosa la kisu tu, wangelicheka. Sasa palikuwa na swali jingine nyuma yake: na jana kwa nini ulinyamaza? Kila siku aliyoiacha ipite, swali lile lilizidi uzito, na Anastazi, aliyejivunia kwamba hajawahi kumdanganya mtu, aligundua kwamba mtu anaweza kudanganya huku amefunga mdomo.

Kwanza alijaribu kulirekebisha kimyakimya. Mkewe alipokwenda kisimani alikitoa kisu, akajaribu kuurudisha upande ule uwe bapa. Lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Alivyozidi kusugua ndivyo kisu kilivyozidi kuwa chembamba, mpaka makali yakaanza kupinda kama jani la mhindi. Alikirudisha kwenye ukuta wa jiko, kikiwa kibaya kuliko alivyokitoa.

Kisha alinunua kisu kipya, chuma chake kizuri, kinene, akamkabidhi.

"Cha nini?" Ildefonsa aliuliza kwa upole. "Kisu kipya kwa mkono unaokufa ni kama viatu kwa kiwete." Alikiweka juu ya kabati, ndani ya karatasi yake.

Alikuwa ameanza kujizoeza maradhi. Chai aliimimina kwa mikono yote miwili. Mjukuu alipoletwa na mkaza mwana wao, Ildefonsa alikataa kumpakata. Alisema apewe babu, asije akamdondosha. Alikwenda zahanati. Mganga alimpima, akamwambia mapigo yapo juu kidogo, apunguze chumvi, apumzike, arudi baada ya muda. Angeweza kumwambia hivyo mtu yeyote wa umri wake. Ildefonsa aliyasikia kama hukumu.

"Hakusema kiharusi," Anastazi alimwambia.

"Hawasemi. Na kwa Francisca hawakusema."

Anastazi alikwenda kuungama. Alipiga magoti, akasikia kuni za shule ya parokia zikipasuliwa nje, akasema, "Padre, nimeharibu chombo cha jikoni cha mke wangu, na sijamwambia." Padre, ambaye nyuma ya mzee huyu alikuwa na foleni ndefu, alimwambia avumilie katika ndoa, asali Salamu Maria tatu, na akanunue kingine. Anastazi alitoka nje akasimama kwenye jua. Alikuwa ameondolewa dhambi ambayo hakuitenda, na ile aliyoitenda alikuwa amerudi nayo, safi, haijaguswa na mtu.

Ndipo Avelina alipopiga simu kutoka Nyakahura. Amesikia habari. Mama aende akakae kwake. Kuna chumba, na hospitali iko karibu zaidi kuliko Keza. Pikipiki itamfuata Ijumaa.

"Kwa muda gani?" Anastazi aliuliza.

"Baba," Avelina alisema, "mtu mwenye hali hiyo hatuulizi muda gani."

*

Ijumaa asubuhi Ildefonsa alikuwa amefunga nguo zake kwenye begi, rozari shingoni. Alizunguka nyumba akigusa vitu: mlango wa jiko, chungu kikubwa, kigoda. Kisha alichomoa kisu chake ukutani, akakifuta kwa kanga, akampa mumewe.

"Kitunze," alisema. "Nikifa mpe Avelina. Hatakiweza, yeye ni wa kulia, lakini akiweke. Ni cha mama."

Anastazi alikipokea. Kilikuwa chepesi mno. Ilimjia kwamba akinyamaza sasa, basi. Hatasema kamwe, na mwanamke huyu atakwenda kulala kwenye chumba cha wageni Nyakahura akikingojea kifo ambacho yeye alikitengeneza kwa tupa.

"Mkono wako hauna ugonjwa," alisema.

"Mungu akusikie."

"Ildefonsa." Hakuwa amemwita hivyo tangu watoto walipozaliwa. "Ni kisu. Nilikinoa pande zote mbili. Nilidhani ulikuwa mvivu. Nimekwangua upande wako, na nilijua tangu siku ile niliyokwenda kwa Generoza."

Ildefonsa alimtazama, kisha akatabasamu tabasamu lililomwumiza kuliko tusi. "Ahsante, Baba Pancras. Unanifariji. Umekuwa ukinifariji tangu nianze kuugua, nimeona. Hata kisu kipya umeninunulia."

"Sikufariji! Nakwambia nimekosa!"

"Sawa. Nimekusamehe." Alilichukua begi lake kwa mkono wa kulia. "Pikipiki hiyo, naisikia."

Pikipiki ilikuwa kweli inapanda kilima. Anastazi aliingia ndani karibu mbio, akarudi na kile kisu kipya, akiichana karatasi yake. Kilikuwa bado hakijapata makali upande wowote, chuma kinene kama kilivyotoka dukani.

"Basi usiniamini mimi," alisema. "Kinoe mwenyewe. Pale." Alionyesha kizingiti. "Upande wako, kama mama yako alivyokufundisha. Kisha umenye ndizi moja. Ikikushinda, panda pikipiki, nami nitakaa kimya mpaka kufa."

Dereva alikuwa amezima injini. "Shikamooni, wazee," alisema. "Twende kabla jua halijakuwa kali."

"Marahaba. Subiri," Anastazi alimwambia.

Ildefonsa aliweka begi chini. Labda alifanya hivyo kumridhisha mzee tu. Alimwaga maji kidogo kwenye pembe ya jiwe, akakaa, akakishika kisu kwa kushoto, akaanza. Mwanzoni mkono ulikwenda kwa woga. Kisha ukapata mwendo wake, kwenda na kurudi, shh, shh, kwenye lile shimo ulilolichimba wenyewe. Chuma kipya ni kigumu. Ilichukua muda mrefu, dereva akaenda kukaa kivulini na simu yake. Anastazi alisimama akiwa ameshika kile kisu kilichoharibika. Hakujua akiweke wapi.

Hatimaye Ildefonsa alijaribu makali kwa kidole gumba, akavuta ndizi moja kutoka kwenye mkungu uliokuwa mlangoni. Kisu kiliingia chini ya ganda kwenye kikonyo. Hakikuzama. Kilikwenda moja kwa moja, ganda likijikunja mbele yake jembamba hata mwanga ukapita, likaanguka. Akamenya upande wa pili. Akachukua nyingine. Akachukua nyingine tena, mkono ukikimbia sasa, mpaka ndizi zilizomenywa zikawa lundo dogo jeupe pembeni mwake, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye magoti bila yeye kuyafuta.

Anastazi alidhani ni furaha. "Unaona?" alisema. "Unaona, Mama Pancras? Mzima kabisa!"

Ildefonsa aliacha kumenya.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Niliposhindwa kumpakata mtoto, ulikuwa unajua. Nilipokuwa nikiamka nikikikunja kidole kimoja kimoja nione kama bado vinanisikia, wewe ulikuwa umelala hapo pembeni, unajua."

"Nilijua."

"Mama yako aliposema maneno yale, nilingoja useme kitu. Hukusema. Nikajiambia ni kijana, anaogopa mama yake." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Safari hii ulimwogopa nani?"

Anastazi alitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukumbuka kitu chochote alichowahi kukisoma ambacho kingemsaidia. "Nilijiogopa mimi mwenyewe," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba najua."

Ildefonsa aliinuka. Alikifunga kisu kipya kwenye pindo la kanga yake, akabeba begi kwa mkono wa kushoto, akamwita dereva.

"Bado unakwenda?" Anastazi aliuliza.

"Nakwenda kumsalimu mwanangu. Siendi kuugua."

"Utarudi lini?"

"Nikiacha kukasirika." Alipanda, akajiweka sawa nyuma ya dereva. "Ndizi hizo zipikwe leo, zitakuwa nyeusi. Chumvi unajua ilipo."

Pikipiki ilishuka kilima. Hakugeuka nyuma, lakini Anastazi aliona kwamba mkono aliojishikilia nao kwenye kiti ulikuwa ule wa kushoto, umekaza barabara.

Alikuwa bado amesimama penye njia Generoza alipopita, mkungu wa ndizi kichwani. Aliitazama pikipiki ikipotelea kwenye migomba, akapunguza sauti.

"Ndiyo wamempeleka, mzee? Maskini. Hali imekuwa mbaya?"

Jibu lilikuwa hapo tayari, rahisi, halina hata kosa: ndiyo, amekwenda kwa Avelina. Generoza angesema pole, angepita, na kijiji kizima kingesema pole mpaka siku Ildefonsa atakaporudi.

"Ildefonsa haumwi," Anastazi alisema. "Hakuwahi kuumwa. Kile kisu chake nilikiharibu mimi kwa tupa, pale harusini mkamcheka yeye, na mimi nikanyamaza."

Generoza alimkazia macho. Kisha, polepole, aliutua mkungu wake chini, akaketi juu ya jiwe la njiani, akaikunja kanga yake magotini.

"Anza mwanzo," alisema. "Na sauti iwe kubwa. Rozalia huyo anakuja nyuma yangu, naye asikie."